Utando wa Choya

Siku ya soko pale Mbuyuni, Moshi, hakuna anayempisha mwenzake. Salvina alikuwa ameinama kufunika ndoo yake ya maziwa ya mgando, sketi ya kitenge imembana vizuri kiunoni, blauzi nyeupe imepigwa pasi kama ya kwenda misa, mara akasukumwa begani. Aligeuka akaona mwanamume mwenye vidole vyekundu hadi kwenye kucha.

“Mae! Kaka, umemchinja nani?”

“Ni choya tu, dada. Samahani.” Mfuko wake wa rambo ulikuwa umepasuka, na maua makavu ya choya yametapakaa mpaka miguuni kwa Salvina. “Naomba usikanyage.”

“Yote haya unakunywa peke yako?”

“Sinywi. Natengenezea utando unaojua maziwa yakiharibika.”

Salvina alicheka mpaka wauza ndizi wakageuka. “Pole sana. Mimi pua yangu inajua bure!”

Lakini aliinama kumsaidia kuokota. Wajuzi wa mambo haya wanasema penzi huwa linaanzia hapo, katika kuokota.

Aliitwa Ndelilio, kijana wa Old Moshi, amemaliza chuo Morogoro, amepanga chumba Rau. Jumapili iliyofuata alimpeleka Salvina kuona kazi yake. Jikoni hapakuwa na unga wala chumvi. Palikuwa na vioo vilivyoanikwa juu ya meza.

“Nachemsha wanga wa ndizi mbichi, natia maji ya choya, namwaga kwenye kioo,” alieleza, akibandua kipande chepesi cha zambarau. “Ukikichovya kwenye maziwa freshi, kinabaki hivi. Yakichacha, kinakuwa chekundu. Siku moja pakiti nzima itatengenezwa hivi, mnunuzi aone mwenyewe.”

“Na kikishatumika?”

“Tupa mgombani. Kinaoza kama jani, siyo kama mifuko hii ya plastiki inayowaua ng'ombe wetu.”

Salvina alikiweka kile kipande kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa amekuja kucheka, akajikuta anamtazama mtu badala ya utando.

Ilikuwa mwaka 2004, enzi za simu za tochi na kubipu. Ndelilio alibipu, Salvina akapiga.

“Mtu mzima unabipu kama mwanafunzi?”

“Vocha imeisha, mpenzi. Imebaki sauti yako tu.”

“Sauti yangu haikwanguliwi. Wewe Mlutheri utanibadilisha dini?”

“Nianze kukubadilisha jina la ukoo kwanza.”

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Uru nzima, kwao Salvina, ilijua. Wakajua pia habari ya hoteli. Salvina aliongoza kikundi cha akina mama wauza maziwa, na hoteli moja ya watalii pale mjini ilikuwa inatafuta watu wa kuiletea maziwa na mgando. Wakiipata, wangeachana na vumbi la Mbuyuni. Salvina alikuwa amewaahidi wenzake kwa kinywa chake.

Bahati, au mkosi, ni kwamba Ndelilio alialikwa kuonyesha utando wake kwa wafadhili katika ukumbi wa hoteli hiyo hiyo.

“Mpenzi, niletee maziwa,” alisema kwenye simu. “Chombo kimoja freshi, kingine yaliyolala.”

“Yaliyolala vizuri?”

“Yalale hasa. Na mnunuzi wa hoteli atakuwepo, atakuona.”

Neno hilo, kulala, ndilo lililowachonganisha. Ndelilio alitaka maziwa yaliyoharibika, ya kumwaga. Kwa akina mama wa Uru, maziwa yaliyolala vizuri ni mgando. Salvina alikifukiza kibuyu cha bibi yake, akayalaza humo, na yalipoiva akayatia kwenye chombo cha kioo na kuandika juu yake jina la kikundi.

Alifika ukumbini na gauni la manjano na viatu vya kuazima. Ndelilio, ndani ya suti ya kijivu, alimkonyeza. Akachovya kipande cha kwanza. Kikabaki zambarau, wageni wakatikisa vichwa kukubali. Akafungua chombo cha pili na kuchovya. Kikawa chekundu kama damu.

“Na haya,” alisema, akikiinua juu, “yameharibika. Hayamfai binadamu.”

Salvina alisimama. “Ndelilio, huo ni mgando.” Sauti ilikuwa ndogo. Akarudia, safari hii ikatoka. “Waambie ni mgando!”

Ndelilio alimtazama. Akageukia wafadhili waliokuwa wakiandika. “Kama mnavyoona, utando hausemi uongo.”

Wakapiga makofi. Bwana Wenseslaus, mnunuzi wa hoteli, alisogea akasoma lile jina kwenye chombo.

“Dada, mgando naujua, nimekua nikiunywa,” alimwambia Salvina mlangoni. “Lakini wageni wangu wameona kwa macho yao. Nitawaambia nini?”

Salvina alipanda Uru na chombo chake, akawakabili wenzake. Hakuna aliyemtukana. Walijifunga kanga zao wakarudi Mbuyuni, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Kesho yake simu iliita. Haikuwa bipu.

“Salvina mpenzi, nilidhani umeleta mabovu kama nilivyokuagiza.”

“Na nilipokuambia?”

“Sikukusikia. Ukumbi ulikuwa na kelele.”

Salvina alikata simu. Lakini lile neno, sikukusikia, alibaki nalo. Alilala nalo, akaamka nalo. Mtu ambaye hakusikia anasameheka. Aliyetenda bila kujua si mwovu. Ndelilio akapata ufadhili, akahamia Dar es Salaam, na Salvina, akikamua ng'ombe asubuhi, aliendelea kumtetea moyoni.

Masika yalipokwisha, Ndelilio alipanda Uru kwa miguu. Vidole vyake vilikuwa safi. Choya sasa alichemshiwa na wengine. Mkononi alishika tawi la isale.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba.” Mama yake Salvina aliliona tawi, akainuka. Kwa Wachagga, anayekuja na isale amekuja kuomba radhi, na haifai kumkatalia. “Salvina! Toka zizini, uje. Hilo halikataliwi.”

Salvina alitoka na kanga kifuani na majani mikononi. Moyo ulimruka, kwa nini tumsingizie? Alikuwa bado anampenda.

“Nimekuja kusema kweli,” Ndelilio alisema. “Nilikusikia. Mara zote mbili. Hata kabla hujasema, harufu ya kibuyu ilikuwa imeniambia. Niliogopa wangesema utando wangu haujui kutofautisha. Nikanyamaza.”

Alitegemea kweli yake ingemponya. Salvina alihisi kitu cha mwisho alichokuwa amekishikilia kikimtoka mikononi.

Akapokea isale. “Nimekusamehe.”

“Basi nije na wazee wangu? Tulete mbege ya posa?”

“Hapana.”

“Si umesema umenisamehe!”

“Nimekusamehe, wala sitalirudisha nyuma neno hilo. Lakini siwezi kuolewa na mtu anayenisikia akanyamaza. Afadhali ungekuwa kiziwi, Ndelilio. Kiziwi ningemzalia.”

Alimsindikiza kupita migomba hadi mwisho wa kihamba chao, mahali masale yalipopangwa mstari. Wazee waliyapanda hapo kuonyesha ardhi yao inapoishia. Katika mstari huo palikuwa na pengo. Ndelilio alipita, akageuka.

Salvina alichimba udongo mbichi kwa vidole, akalichomeka lile tawi kwenye pengo, akalishindilia.

“Litashika?” Ndelilio aliuliza kutoka ng'ambo.

“Isale halikosi kushika.”

Ndelilio akashuka. Salvina alibaki upande wake, mikono ina udongo, akalia mpaka mama yake alipomwita akamalize kukamua.