Vinara vya Koko Mirjam

Rafiki yangu Maombi anahudumia wazee katika mtaa wa Hallonbergen, ughaibuni, na si mtu wa kutunga mambo. Koko Mirjam, bibi mmoja Myahudi, alikuwa na vinara viwili vya shaba. Ndivyo pekee vilivyobaki vya kwao. Kila Ijumaa aliviwashia mishumaa ya Sabato, akajifunika macho kwa viganja, akasali.

“Mama alifanya hivi,” alimwambia Maombi. “Nilikuwa nangoja afunue macho anione, nicheke. Ijumaa ya mwisho Wanazi walimchukua kabla hajafunua.”

Koko alipofariki, Maombi alitumwa avichukue vinara. Ilikuwa Ijumaa alasiri, giza la Desemba linaingia. Alipofungua mlango wa nyumba ya Koko, alisikia kiberiti kikiwashwa sebuleni. Mwanamke akanong'ona sala, akanyamaza.

Kisha mtoto akacheka.