Watoto Wote wa Bartholomayo

"Niachie mkono, Pankras."

"Hata mkono, Ottilia?"

"Je, kama kweli wewe ni ndugu yangu?"

Walikuwa ofisi ya parokia, Matiri. Ndoa yao ilishatangazwa kanisani mara mbili, ikabaki moja, ndipo Mansuetus, baba mkubwa wa Ottilia, akaweka pingamizi. Pankras, kijana wa Chiwanda anayenunulia kampuni binafsi kahawa, hakuwahi kumpendeza. Mansuetus alikuja na mkewe Restituta, akamwonya asifungue mdomo.

Padre alifunua kitabu cha ubatizo. "Elias, babu yake Ottilia. Baba: Bartholomayo. Tadei, babu yake Pankras. Baba: Bartholomayo."

"Ukoo mmoja!" Mansuetus alidakia.

"Baba, kwetu tunajua baba yake Tadei alikuwa mvuvi wa Chiwanda," Pankras alimwambia.

"Hayo ya mdomoni. Haya ni maandishi!"

Pankras aliinama, machozi yakimdondoka. Ottilia hakukalika. Alizunguka chumba, akarudi, akakivuta kitabu bila ruhusa.

"Taratibu, binti, karatasi zimechoka."

"Hata mimi nimechoka, Padre."

Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja.

"Mama mkubwa, baba yako si Nicholaus wa Namswea?"

"Ndiye."

"Naye kabatizwa siku ileile na Elias na Tadei. Baba: Bartholomayo."

Mansuetus akaruka. "Uongo! Baba mkwe ni mtoto wa Erasmo, kila mtu anajua!"

"Hayo si ya mdomoni? Kama maandishi ni kweli, baba mkubwa, na wewe umeoa ndugu yako."

Restituta akaangua kicheko.

"Babu Erasmo alikuwa Tanga anakata mkonge, na wanaume wenzake, hata huyo mvuvi wa Chiwanda; watoto wakaletwa kubatizwa hapa. Bartholomayo alikuwa katekista. Akasimama kanisani badala ya baba zao, padre mgeni akaandika aliyemwona. Maskini, alikufa hana mtoto."

"Mbona ulinyamaza?"

"Si ulinikataza kuongea?"

Mansuetus alikaa. Jeuri yote ilimwisha.

"Sisi tumekua tukimwita Bartholomayo babu. Babu yangu hasa ni nani?"

"Hakurudi kutoka Tanga, mume wangu. Waliomjua wamekufa."

"Basi mimi ni wa nani?"

Restituta hakucheka tena. Akamshika bega. "Wangu."

Padre akafunga kitabu. "Jumapili natangaza mara ya tatu. Kuna pingamizi?"

Mansuetus akatikisa kichwa, macho chini.

Pankras alikuwa bado ameinama. Ottilia akamsogelea, akamnyooshea mkono.

"Haya, shika. Na usiachie."