Maji ya Kuoshea Seli

"Nge, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Seli hai za papa zisitoke kwenye jengo hilo. Ikibidi, lipua maabara."

"Dada yangu yumo ndani."

Kifaa sikioni kikakoroma kidogo. "Nimesema, ikibidi."

Nge alisukuma toroli la vifaa kwenye korido. Koti la fundi wa maabara lilimpwaya, na chini yake bastola ya Glock ilikuwa baridi tumboni. Wenzake wa idara ya usalama huapa kwamba hajui woga. Laiti wangemwona sasa, mate yamemkauka kinywani.

Akaingia.

Dada yake, mtafiti wa damu ya papa, alikuwa ameinama mezani juu ya kisanduku cha seli. Nyuma yake alisimama jasusi wa kigeni aliyejulikana idarani kama Mrefu, bastola imemgusa dada shingoni.

Papa na binadamu wana jeni za kinga za ukoo mmoja, urithi wa babu aliyeogelea baharini kabla nchi kavu haijaota mti hata mmoja. Waliomtuma Mrefu walizitaka seli zikiwa hai, waichunguze kinga hiyo kongwe, kisha watengeneze kirusi cha kuipenya. Kingeua watu bila kuchagua.

"Wewe nani?"

"Fundi. Nimeleta maji ya kuoshea seli."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Kwenye toroli palikuwa na chupa za dripu za huduma ya kwanza, na hapo hapo akakumbuka dada alivyolia jikoni siku msaidizi wake alipokosea maji. Damu ya papa imejaa chumvi na yurea, ile kemikali ya mkojo. Ukiziosha seli zake kwa maji ya dripu, zinavimba na kupasuka.

Mrefu alisoma lebo. "Si ndiyo haya wanawekewa wagonjwa?"

"Ndiyo hayo hayo."

"Basi kama yanamfaa mtu, papa ni nani ayakatae? Mpe."

Dada akaiona chupa. Akamtazama mdogo wake, halafu akayamimina kwenye seli.

Mrefu akafunga kisanduku, akakinyanyua. Bastola ikaachana na shingo.

Nge akalisukuma toroli kwa nguvu zake zote.

Likamgonga Mrefu magotini. Risasi ikatoboa dari, bastola ikaanguka. Jamaa akajizoazoa, akatimua mbio na kisanduku chake.

"Nge!" Mkuu alifoka sikioni. "Kamera zinamwonyesha anatoka na seli!"

"Mkamateni getini, wala msihangaike. Kabeba uji."

Dada alikuwa ameketi sakafuni. "Miaka yangu yote," alisema. "Nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Papa wako bado yuko bwawani, dada. Mimi niliagizwa nilipue chumba."

Dada akainua uso polepole. "Ungelipua?"

Nge alivua koti, akalitundika ukutani vizuri, akatoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Hakuwa na hakika, na hilo lilimtisha kuliko bastola.