Vishikwambi Vitupu vya Kidato cha Tatu

Vishikwambi vyote vilikuwemo kabatini. Hakuna kilichoibwa, wala kufuli halikuvunjwa. Kilichotoweka ni kazi zilizokuwa ndani yake.

Inspekta Sadock aliviwasha kimoja kimoja asubuhi ile ya Jumatatu, katika sekondari moja upande wa Nakwa, Babati mjini. Vilivyowaka vyote vilikuwa vitupu. Video za "Nyumbani Kwetu", ambazo Kidato cha Tatu walikuwa wazionyeshe mbele ya wazazi, zilikuwa zimefutwa.

"Umeita polisi kwa kazi za wanafunzi?" alimuuliza Mwalimu Fabiani, mwalimu wa TEHAMA.

Mwalimu alimwonyesha kijana aliyekaa peke yake dawati la nyuma. "Yule ni Leonsi. Babu yake ndiye aliyemlea. Tulimzika mwezi uliopita, kule Singe. Kwenye video yake mzee alikuwa anasimulia maisha yake. Sauti ile haipo mahali pengine popote."

Tangu Sadock ahamishiwe Babati, wanawe walioko Tabora aliwasikia kwenye simu tu. Alitoa kalamu.

"Ufunguo wa kabati anakaa nao nani?"

"Unatundikwa ofisini, afande. Yeyote anaweza kuuchukua."

"Na neno la siri?"

"Ni moja kwa darasa zima."

"Kwa hiyo kila mtu anaweza kufungua kazi ya mwenzake?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Nilitaka kuwarahisishia."

Kishikwambi kimoja kiligoma kuwaka. Walikichaji. Kilipowaka, Sadock alifungua pipa la taka lililomo ndani yake, ambamo kilichofutwa hubaki kwanza, akakuta video mbili. Aliyezifuta alikuwa hajamwaga pipa. Betri iliisha kabla hajamaliza.

Ya kwanza ilikuwa ya mwanafunzi aitwaye Kindness. Ilionyesha jiko la nje, na sauti ya mama ikiita: "Mwanangu, njoo ule, ugali unapoa!" Kisha kishindo cha sufuria, na kicheko.

Ya pili ilikuwa ya mwenzake, Antonia. Ilionyesha mlango, kitanda kilichotandikwa vizuri, dirisha. Ndani yake Sadock akasikia sauti ileile na kishindo kilekile. Aliirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akamwita Kindness, akamsikilizisha video ya pili bila kumwonyesha picha.

"Anayeita ni nani?"

Kindness alicheka. "Si mama yangu huyo? Hata hilo sufuria nililiangusha mimi."

"Hii ni kazi ya Antonia."

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Antonia aliletwa ofisini. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Keti. Unaishi na nani?"

"Na mama."

"Nimpigie simu?"

"Hapatikani."

"Tangu lini?"

"Alikwenda machimboni Mirerani masika yalipoanza. Mwanzoni alikuwa anapiga."

"Nani anakaa na wewe?"

"Hakuna. Nina chumba cha kupanga, kule Bonga."

"Nani anakupikia?"

"Napika mwenyewe. Siku nyingine sipiki. Ukiwa peke yako, hata njaa unaizoea."

Sadock aliweka kalamu chini. "Ni wewe uliyefuta?"

"Ni mimi." Machozi yalimtoka, lakini sauti yake haikutetemeka. "Mimi na Kindness tunatumia kishikwambi kimoja. Zamu yangu ikifika, nilikuwa nafungua video yake nimsikilize mama yake. Halafu nikakata kile kipande, nikakiweka kwenye yangu. Nilitaka ionekane kwetu kuna mtu."

"Kwa nini ukafuta za wote?"

"Mama Kindness angekuja, angeisikia sauti yake mwenyewe. Na ningefuta yangu peke yake, wangeniuliza kwa nini."

Kindness alikuwa amesimama mlangoni. "Mbona hukuniomba?"

"Ningekuombaje?" Antonia alimtazama. "Mtu anaombaje mama?"

"Ulijua kwenye video ya Leonsi kulikuwa na nini?" Sadock aliuliza taratibu.

"Za wengine sikuzifungua. Nilifuta tu."

Akamweleza. Antonia alijifunika uso kwa viganja.

Sadock hakumpeleka kituoni. Alimpigia afisa ustawi wa jamii, wakaanza kumtafuta mama yake. Mwalimu Fabiani naye akampa kila mwanafunzi neno lake la siri, na kuanzia siku hiyo kazi zikawa zinatunzwa nakala.

Lakini mchana ule, Antonia aliomba kwanza aende darasani. Sadock alisimama dirishani akamtazama akienda hadi dawati la nyuma.

"Leonsi, ni mimi niliyeifuta. Zamu yangu ikifika nilikuwa namsikiliza mama Kindness, nikaogopa kugundulika. Nisamehe."

"Haiwezi kurudi?"

"Mwalimu amejaribu. Haiwezi."

"Mimi pia zamu yangu ikifika sikuwa nafanya kazi," alisema Leonsi. "Nilikuwa namsikiliza babu."

Kisha akageukia ukutani, na Antonia akabaki amesimama pale pale.