Mashine Iliyojibu "Sijambo"

Kila siku baada ya shule Chiriku alikwenda moja kwa moja zahanati. Hakuwa mgonjwa, mama yake alikuwa fundi wa kompyuta wa pale. Jina la Chiriku alipewa kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikaa chumba cha nyuma, akamaliza kazi za shule, kisha akacheza michezo kwenye kompyuta. Ingekuwa raha tupu, lau si yule Mpimaji.

Mpimaji hakuwa mtu. Zahanati ilikuwa na msaidizi wa akili mnemba, aliyejibu wagonjwa waliouliza kwa simu kama dawa fulani ipo au imekwisha. Majibu aliyachota kwenye seva, kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu zote. Lakini kabla ya kujibu ilimlazimu amwulize Mpimaji, programu ndogo yenye kazi moja tu, kupima afya ya seva. Ina joto? Imejaa? Kumbukumbu za dawa ni za leo? Jibu likiwa baya, taa nyekundu iliwaka kwenye skrini, na msaidizi aliwaambia wagonjwa wampigie muuguzi.

Wiki hiyo taa ilikuwa nyekundu kila mara. Waya uliopeleka kumbukumbu za chumba cha dawa kwenye seva ulikuwa umelegea, na kila ulipochomoka, Chiriku alilazimika kuacha mchezo, kwenda mwisho wa korido, kupiga magoti nyuma ya kabati lenye vumbi na kuuchomeka tena. Mama alishamwambia kwamba ukizidi kusumbua amwarifu, aubadilishe. Mdomo wote ule, na neno hilo moja likamshinda! Badala yake alinuna, akafura, akadai Mpimaji ana kidomodomo. Siku moja hasira zikampanda, akaifungua programu ile, ambayo mama alikuwa amemfundisha kuiandika, akafuta maswali yote, akaacha moja tu: "Hujambo?" Na seva, mradi ina umeme, ilijibu: "Sijambo."

Taa ikawa ya kijani. Mama akamsifu kwa kuutunza waya, naye akazipokea sifa hizo bila haya.

Kabla ya wiki kwisha, bibi yake mwenye pumu aliishiwa dawa ya kuvuta. Akauliza kwa simu, msaidizi akamjibu kwamba ipo. Bibi akatembea juani mpaka zahanati, akakuta rafu tupu.

"Mmeniita nije kuangalia mbao?" alifoka, huku kifua kikipiga mluzi.

Muuguzi akaja mbio. "Shikamoo, bibi. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo, mwanangu," bibi akajibu kwa mazoea, akishika ukuta asianguke.

Muuguzi hakulisikiliza jibu hilo. Aliweka kipimo kifuani pake, akamlaza, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa ya mvuke wa dawa.

Mama alimgeukia mfamasia, macho yamemwiva. Alimwambia ni mvivu, hakuandika kwamba dawa imekwisha, na kwamba mganga mkuu atapata habari leo hii. Mfamasia naye akawaka. Alisema aliandika tangu juzi, na hakubali kusingiziwa.

"Mashine ni nzima, taa hiyo hapo," mama akasema. "Mgonjwa ni wewe."

Mfamasia akaanza kulia kwa hasira. Mdomo wa Chiriku, kwa mara ya kwanza, ulikuwa likizo. Nyuma ya pazia alisikia pumzi za bibi zikikwaruza. Aliona aibu.

"Mama, mwache," akasema. "Ni mimi." Akaeleza yote.

"Ungesema waya unasumbua, ningekumeza?" mama akauliza kwa sauti ya chini. "Bibi yako hana pumzi kwa sababu ya mchezo." Kisha akamwomba mfamasia radhi, maana naye alikuwa amemlaumu mtu bila kupima.

Chiriku aliyarudisha maswali yote. Taa ikawaka nyekundu papo hapo. Mama akabadilisha waya, msaidizi akawatumia wagonjwa wote habari sahihi, na dawa ya bibi ikaagizwa hospitali jirani.

Jioni bibi aliketi kitandani, nafuu imekuja lakini hasira bado.

"Unajua nilipoulizwa hujambo nilijibu nini?"

"Sijambo," Chiriku akanong'ona.

"Nami nilikuwa nakata roho. Muuguzi angeridhika na salamu, mngekuwa mnanilia sasa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi yasiyo yako, ili usisumbuliwe. Kazi ya mpimaji ni kusumbua. Ukimnyamazisha, hujamponya mtu."

Kesho yake Chiriku alipita kwa bibi kabla ya shule. Akamwamkia, akamwuliza kama hajambo.

"Sijambo, mjukuu wangu. Nenda, utachelewa."

Chiriku hakwenda. Aliweka begi chini, akaegemeza sikio kifuani pa bibi, akasikiliza.