Mitaa Mia na Arobaini na Saba

Siku ile duka la fotokopi lilijaa wazazi wenye fomu za shule mkononi, kila mmoja akiwa na haraka kuliko mwenzake. Katikati ya patashika hiyo akaingia fundi saa, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, gauni lake la bluu limembana kiunoni na kumwagika hadi chini. Miguuni alivaa raba nyeupe za kukimbilia, mpya kabisa.

"Naomba unichapie ramani ya kata yetu," akasema. "Iwe kubwa kama shuka."

"Dada, wenzako tuna kurasa mbili tu!" akalalamika mama mmoja.

Mwenye duka akainua macho. Alikuwa mrefu, vidole vimejaa wino, na watu walimwita Chapa. "Kama shuka? Unataka kuitandika?"

"Nataka kuikimbia."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye akaeleza kwa uso mkavu: asubuhi mbili kila wiki atatoka mlangoni kwake, kila mara atakimbia mtaa mmoja mpya, jioni ataupaka rangi kwenye ramani. Mitaa yote mia na arobaini na saba, vichochoro vikiwemo, kwa miaka miwili.

Sababu hakuisema. Sababu ilikuwa dada yake mkubwa, aliyeishi naye nyumba moja. Masomo ya udereva fundi saa aliyaacha katikati, na sweta aliyoianza kuifuma ilikaa kabatini mwaka wa nne bila mkono mmoja. "Mdogo wangu, kwa kuanza hujambo," dada alizoea kumtania, naye alicheka huku moyo unamuuma. Alitaka, walau mara moja maishani, jambo ambalo ameanza mwenyewe na kulimaliza mwenyewe.

Ramani ilipochapwa ikawa hakuna pa kuibandika, maana karakana yake ilikuwa saa tupu toka sakafuni hadi darini. Chapa akajitolea kumpa ukuta wa duka lake. Basi kila jioni ya siku ya mbio fundi saa akawa anapitia dukani na penseli nyekundu, na Chapa akawa hafungi mpaka amwone. Mtu hachori ramani ukutani kwa mwenzake mwaka mzima bila moyo nao kuchorwa.

"Mtaa huu wa duka langu mbona unauruka?" alimuuliza siku moja.

"Huu nitaumalizia, mpenzi. Kitamu huachwa mwisho."

"Basi kimbia haraka, roho yangu, mimi nachacha!"

Kwenye mtaa wa tisini na sita akakanyaga jiwe, kifundo cha mguu kikateguka. Daktari akamkataza mbio kwa wiki mbili. Siku ya kumi na moja Chapa akampigia simu.

"Mguu unaendeleaje, laazizi?"

"Uvimbe umepungua. Naweza kuchechemea."

"Basi chechemea uje. Nina zawadi yako."

Akafika. Ukutani, mitaa kumi na mmoja ilikuwa imepakwa nyekundu.

"Nimekukimbilia mitaa yako!" Chapa akasema, anang'aa kwa furaha. "Kila alfajiri mmoja. Mimi huyu ninayehema nikipanda ngazi! Nimeona siku zinakupita."

Fundi saa alihisi uso unamchoma. "Nani kakutuma?"

"Nilidhani utafurahi..."

"Kumbe na wewe umeona sitamaliza."

"Sivyo, mpenzi, nisikilize..."

Hakusikiliza. Alibandua ramani, akaikunja, akampa kisogo. Penseli akaisahau mezani.

Miezi ikapita. Chapa alipiga simu, fundi saa hakuipokea. Dada ndiye aliyejibu: "Shemeji, mwenzio kanuna mpaka saa zake zinachelewa. Vumilia." Mguu ulipopona, fundi saa alirudi barabarani na penseli ya kijani, akiapa kuikimbia upya ile kumi na mmoja yote.

Mtaa wa kwanza, mwanamke aliyekuwa akifagia kibarazani akamsimamisha. "Wewe ndiye fundi saa? Mguu umepona?"

"Umejuaje?"

"Kuna kijana alipita hapa, anahema huyo, nusura aanguke. Nikamwambia akae nimpe maji. Akasema hana ruhusa ya kukaa, mtaa si wake, ni wa fundi saa anayeumwa mguu, naye ni mkali akiona kazi nusunusu."

Fundi saa akacheka bila kutaka. Mtaa wa tatu, mzee wa kutengeneza viatu alimwonyesha pale kijana alipotapika. Mtaa wa saba wakamwambia alipita akichechemea. Kufika wa kumi na mmoja hasira ilikuwa imemwisha, na badala yake alimkumbuka Chapa.

Kupiga simu akaona haya. Akakimbia tu, mpaka kwenye ramani ukabaki mtaa mmoja na katika miaka yake miwili zikabaki siku tatu.

Asubuhi hiyo alivaa fulana ya manjano na kufunga nywele kwa kitambaa chekundu. Dada akamfuata nyuma kwa kandambili, ramani kwapani. Chapa alikuwa akifungua mlango wa duka alipozisikia zile raba. Akasimama palepale, hakwenda kumlaki, hakusogea hata hatua. Fundi saa akaja mbio, akampita, akafika kwenye ukuta uliozibia mwisho wa mtaa, akaugusa, akarudi anatembea.

"Penseli yako," Chapa akasema, akimnyooshea ile nyekundu. "Sijaigusa tena. Nisamehe. Sikuona kwamba hutaweza. Nilikukumbuka tu kila asubuhi, nikataka na mimi niwemo."

"Umo. Kila nilikopita nimekukuta." Akaitandaza ramani mlangoni, akapiga magoti, akaupaka mtaa wa mwisho mwenyewe, taratibu. Kisha akalia, na dada yake naye akalia, kandambili alizozivua njiani zikiwa mkononi.

"Umemaliza," dada akasema. "Sikutanii tena, mdogo wangu."

"Bado kuna kiporo," Chapa akasema. "Mimi uliniacha nusu, kama ile sweta. Niruhusu nije kwenu na wazee wangu. Nataka nikuoe."

Fundi saa akafuta machozi kwa kitambaa chake.

"Njoo nao," akasema. "Ila ujue, Chapa, wewe ndiye jambo la kwanza nisilotaka kulimaliza."