Mafiga ya Nyiragongo

Mwaka wa hamsini na sita, siku ya soko, kivuko cha Kisangani kimejaa watu, mbuzi na baiskeli, ndipo Colette alipotua kikapu chake cha samaki wa moshi juu ya pua ya gari la kijana aitwaye Waziri. Gari lenyewe lilikuwa kamioneti kuukuu ya kubebea mikate, lakini mwenyewe alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi utadhani anakwenda kuoa.

"Mama, gari yangu itanuka samaki," alisema.

"Afadhali inuke samaki, papa, kuliko kunuka majivuno."

Colette akajifunga upya liputa lake, kitenge cha buluu, na kikapu hakukitoa. Watu wakacheka, Waziri akawashinda wote kwa kicheko, na kabla ya kufika ng'ambo alikwisha kumweleza kwamba ni dereva, kwao ni Maniema, na kwamba Kisangani nzima hakuna gari lenye freni kama zake. Sifa za freni hizo Colette alizisikia tena siku ya posa, mbele ya baba yake kule Yanonge, akazisikia hata siku ya arusi.

Arusi ilipokwisha, Waziri alipachika kitanda nyuma ya kamioneti, akatundika pazia la maua, akatangaza kwamba anampeleka mkewe Goma kwa mama yake mdogo, na watalala humo humo garini. Mtaa ukapata la kusema. Jirani yao Nyota, ambaye habari haikupata kulala nyumbani kwake, alisema ndoa yenye magurudumu haijui itasimama wapi.

Walipita msitu, wakapanda milima ya baridi. Colette alikuwa mtoto wa mto, amezoea kulala katika mtumbwi wenye paa. Gari halikumpa shida. Alichokosa ni jiko, maana walikula mkate na ndizi tu. Basi walipofika chini ya Nyiragongo, mlima unaofuka moshi mchana kweupe, akakuta nchi nzima ni mawe meusi yaliyokuwa moto zamani. Akaokota moja, akashangaa: kubwa kama kichwa, jepesi kama mkate. Akachagua matatu, akayapanga kando ya barabara, akateleka. Hilo ndilo lilikuwa jiko lake la kwanza kama mke wa mtu.

Chungu kilianza kuchemka. Ghafla Waziri akaja mbio, akakipiga teke, akang'oa figa moja kwa mkono mtupu, akasema, "Toka hapo!"

Gari lilikuwa nyuma ya Colette. Alichokiona yeye ni mchuzi kumwagika. Mama yake alimfundisha kwamba mwanamume anayeng'oa figa mbele ya mkewe amekwisha sema yote: hamtaki tena. Hakuuliza. Na Waziri hakueleza. Alikwenda akainama nyuma ya gari, akarudi mkono umefungwa kitambaa, akadai injini imemchoma.

Goma walikaa kama wageni wawili. Njiani kurudi, Waziri alisimamisha gari penye tambarare tu, na Colette hakuona maana yake.

Walipofika Kisangani alifunga nguo zake kikapuni pamoja na yale mafiga mawili yaliyobaki, ushahidi kwa wazazi, akashuka bandarini kungoja boti ya Yanonge. Waziri akamfuata. Aliegesha kwenye mteremko, akatoa kitu chini ya kiti, akakisukumiza nyuma ya gurudumu. Gari likarudi kidogo, likaegemea, likatulia.

Colette alilijua lile jiwe. Upande mmoja lilikuwa na masizi na mchuzi uliokauka.

"Nionyeshe mukono."

Kiganja kilikuwa kimebabuka.

"Siku ile gari ilikuwa inakuja juu yangu?"

"Juu yako na nyungu yako."

"Na haukusema."

"Ningesema nini? Kisangani muzima inajua gari yangu iko na freni muzuri."

Boti ikapiga king'ora. Colette akatafuta kipande cha gogo, akakiingiza chini ya gurudumu, akachukua figa lake.

"Bon. Hii iko ya jiko yangu. Nitarudi, lakini kwanza utaenda kwa Nyota, wewe mwenyewe, umwambie freni yako imekufa."

"Nyota? Afadhali unipige na hiyo jiwe."

"Nyota, chéri."

Akaenda. Jioni ile chungu cha Colette kilikaa juu ya mafiga matatu meusi, na kabla hakijachemka, hata watu wa ng'ambo ya mto walikwisha kujua habari za freni za Waziri.